Mapipa Mawili ya Georgette

Mwaka ule bonde la Ruzizi lilitoa mahindi kupita kiasi. Georgette na mumewe Lucien walikuwa na shamba Kamanyola, humo bondeni, na nyumba Cimpunda, juu mjini Bukavu, na kwa mara ya kwanza walivuna zaidi ya walichoweza kula. Firmin, kaka yake Lucien mwenye kamio, lori la mizigo, alishauri yauzwe yote upesi sokoni Nyawera. Georgette alitaka yakae mpaka Desemba, wakati mtaa mzima huwa unatafuta cha kutia chunguni. Lucien aliwasikiliza wote wawili, kisha akakata neno: mkewe ayahifadhi, lakini siku Firmin atakaporudi kutoka safari yake ya Uvira, yakikutwa yanaoza, yote yatapakiwa yauzwe.

Shida ilikuwa mahali pa kuyaweka. Juu ya moshi wa jiko palitosha machache tu ya kuning'iniza. Kwenye magunia, fukusi wangeyafanya unga kabla ya Noeli. Depo ya parokia ilipokea ya kila mtu, na ya kila mtu yakachanganyika. Basi Georgette akachagua mapipa mawili ya chuma, akayasugua kwa majivu na maji moto mpaka yakaacha kunuka mawese. Moniteri wa kilimo, anayefundisha wakulima, alikuwa amewaeleza: mahindi yakiwa makavu na chombo hakipitishi hewa, wadudu hufa wenyewe kwa kukosa pumzi. Kule Kamanyola alitia punje na chumvi kavu ndani ya chupa, akatikisa. Chumvi haikushika kioo. Yalikuwa makavu kweli.

Yalitoka juani mchana, yakapanda milima ya Ngomo ndani ya kamio, yakafika Cimpunda jioni. Georgette hakutaka yalale wazi hata usiku mmoja. Alipoingiza mkono katika gunia, yalikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuruni, akaona hilo ni ushahidi mwingine wa ukavu. Akamimina, akabana vifuniko kwa mpira wa gurudumu la baiskeli, akapaka nta pembeni.

Juma lililofuata mama mkwe wake, Séraphine, alishuka kutoka Kabare na kitunga kitupu kichwani. Katika ukoo wa Lucien ghala jipya halianzwi na mwenye nyumba. Mama mkwe ndiye huchota kwanza, akapika, wote wakala. Georgette aliijua desturi hiyo vizuri, ila alidhani pipa si ghala.

Ilikuwa Jumamosi, wanaume wako salongo, kazi ya pamoja, wakizibua mifereji ya mtaa. Georgette alimpa mkwewe kiti na chai, akamweleza habari ya hewa na wadudu. Séraphine aliinywa chai yote kwanza. Kisha akamwita Georgette kama wakwe wanavyoita, kwa jina la baba yake mzazi.

“M'Mushagalusa, mule ndani iko mahindi ao iko mufu? Juu ya nini umeyapigilia vile?”

“Mama, nikifungua hewa itaingia. Kazi yote itaharibika.”

“Mi sikuje kulala mule. Nachota, unafunga.” Aliweka kitunga chini. “Kama iko mazuri, itabaki mazuri. Kama iko mabaya, heri tujue leo.”

Georgette akachukua kisu. Akakwangua nta, akainua kifuniko cha kwanza. Upande wa chini kilikuwa kimetota matone, kama kifuniko cha chungu kilichoepuliwa. Punje za juu zilikuwa zimelowa na kuanza kutoa harufu ya pombe. Pipa la pili lilikuwa vilevile. Akazamisha mkono mpaka begani: chini yalikuwa makavu. Maji hayakutoka shambani. Joto la Kamanyola lilifungiwa ndani, likakutana na chuma kilichopozwa na usiku wa Bukavu, mvuke ukageuka matone.

Séraphine hakumcheka. Alikunja kanga, wakatandaza mikeka uani, wakaanza kumwaga.

Lucien, pamoja na Firmin aliyekuwa amerudi kutoka Uvira, waliwakuta wakigeuza punje. Kamio ilikuwa imeegeshwa barabarani juu. Georgette aliwaeleza yote kabla hajaulizwa, pamoja na kosa lake.

“Shemeki, umepika mahindi bila moto,” Firmin alisema. “Nilete magunia?”

Lucien alimuuliza mkewe kama bado analikumbuka neno walilopatana.

“Nalikumbuka,” Georgette alisema. “Haijaoza, imelowa. Tungengoja Desemba ingeoza yote. Saa hii najua ni nini iliilowesha. Nitaiacha ipoe usiku mzima mbele ya kufunga.”

Lucien alimtazama mama yake, ambaye aliendelea kuchagua punje akizitia kitungani kwake. Kisha Lucien akachota punje zilizobaki ndani ya pipa, chini kabisa, akazisugua viganjani, akanusa.

“Pipa moja inaenda,” alisema, “moja inabaki.”

Firmin alitaka kubisha, akaona hapana wa kubishana naye. Wanaume wakajaza magunia, wakayapandisha moja moja hadi barabarani. Kamio ikaunguruma kuelekea Nyawera. Georgette hakuitazama ikiondoka. Jua lilikuwa limebaki kidogo, na mkeka wa mwisho ulikuwa haujageuzwa.