Kusaka Uchafu

Vita vya mama huyu na uchafu vilianza kila siku kabla ya chai. Alichemsha kikombe cha mashine ya mvuke wa dawa ya mtoto, akakianika juu ya kitambaa safi, akapiga deki vyumba vyote viwili, kisha akamwaga maji ya moto kwenye shimo la karo, maana daktari alisema vijidudu hupenda unyevunyevu. Binti yake wa miaka saba alizaliwa na ugonjwa wa sistiki faibrosisi: makohozi yake mazito hung'ang'ania mapafuni, na kijidudu kikishaingia humo, kukitoa ni kazi.

"Wifi, hapa nyumbani au chumba cha upasuaji?" alitania dada wa mumewe, akivua viatu mlangoni na kwenda kunawa kabla hajaambiwa. "Hata mende wenu wamehama kwa aibu."

Mama hakucheka. Jumatatu mtoto alipuliza kipimo hospitalini, pumzi ikaonekana imeshuka. Ijumaa angepuliza tena. Isipopanda, angelazwa wiki mbili. Na cha ajabu, siku hizi mtoto hakuwa akikohoa sana. Mama alijua fika kwamba kukohoa ndiko kunakomsafisha mtoto kifua. Kila asubuhi alimpigapiga mgongo ili makohozi yatoke. Lakini kikohozi cha nje ya saa hiyo kilimtia kiwewe. Kikisikika tu, keshashika ndoo, anasugua kuta, anavuta mashuka na mtoto angali kayalalia.

"Kuna uchafu mahali," alisema. "Siuoni, lakini upo."

"Utausaka mpaka lini? Tazama mikono yako ilivyochubuka."

"Mpaka niupate."

Alhamisi ikawa zamu ya kabati la nguo. Wifi alipokea, mama akatoa: magauni, sare, soksi. Chini kabisa akakuta sweta la mtoto limeviringishwa, mkono wake mmoja umekakamaa kwa makohozi yaliyokaukia. Kumbe adui alikuwa akilala chumba kimoja na mwanawe.

"Nani kaweka hili humu?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

Mtoto alikuwa mlangoni, kainamisha kichwa. "Mimi. Nikitaka kukohoa naingia kabatini, najiziba nalo mdomo. Nakohoa kidogo tu, mama. Makohozi mengine nayazuia."

"Unayazuia kwa nini, mwanangu?"

"Ukinisikia unaanza kufua. Halafu mikono yako inatoka damu."

Wifi alikunja soksi ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Mama alijishusha sakafuni. Alitaka kulia, alitaka kuomba msamaha, na kwa aibu kubwa alitaka pia kukimbia jikoni akabandike maji ya kulichemshia lile sweta. Siku zote alizosaka uchafu, mtoto alikuwa akiufungia kifuani ili kumpumzisha mama yake.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Kohoa."

Mtoto akaitazama kwanza mikono ya mama. Mama akaona alichokuwa akitazama, akaikalia mikono yake.

Ndipo kikaja kikohozi kirefu, kizito, cha siku nyingi. Mtoto akainama, makohozi yakadondoka kwenye sakafu iliyokuwa bado haijakauka deki. Mikono ilimwasha mama chini ya mapaja, naye akaikandamiza zaidi.

"Tena, mwanangu," akasema. "Kohoa tena."