Paka Amesema Ndiyo

Mama hakuhitaji simu kujua hali ya bintiye. Alikuwa na Bosi, paka mweupe mwenye sikio moja jeusi. Binti, fundi cherehani, akijichoma sindano huko dukani, Bosi huku sebuleni huinua mguu na kuulamba. Binti akifunika cherehani, Bosi hujinyoosha, na mama huinjika sufuria. Majirani walimcheka. Mama aliwaacha wacheke, maana chakula cha bintiye hakijawahi kupoa.

Mwezi huo seremala wa jirani na duka la binti alileta posa, na siku ya jibu ikafika. Binti alitoka asubuhi bila kusema neno. Mchana Bosi akajichimbia uvunguni, akakataa hata samaki. Mama alikaa sakafuni akimbembeleza.

Binti alirudi na tabasamu la kubandika. Akasema amekataa, hana hamu ya kuolewa, na isitoshe kazi zimemzidi. Mama akamtazama, akaelewa. Tangu baba mtu afariki, mtoto huyu anaogopa kumwacha mama yake peke yake.

Mama hakubishana. Alimvuta Bosi kutoka uvunguni, akamzungushia mtandio, akashika njia ya karakana.

Seremala alikuwa bado anapiga randa ubao ule ule aliouanza mchana. Ulishabaki mwembamba kama karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu amesema hapana. Paka amesema ndiyo."

Seremala akaweka randa chini. "Sasa nimsikilize nani?"

"Paka. Huyu hanionei huruma."

Mara binti akaingia anahema, viatu mkononi, akaanza kumwomba seremala radhi kwa vituko vya mama yake. Mama akamkatiza. Upweke gani, na yeye ana majirani wa kutaniana nao kutwa? Tena anayeolewa anahamia mtaa wa pili, haendi mwezini.

"Usijibu kwa ajili yangu," akamwambia. "Unampenda, humpendi?"

Binti akamtazama seremala, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye kope. Kabla hajafungua mdomo, Bosi akaanza kukoroma kwa raha, sauti ikaenea karakana nzima.

"Mama, mnyamazishe huyo paka," binti akasema, uso kauficha viganjani.

"Mnyamazishe wewe."