Mbula na Kifuniko cha Jemu

Mtu mzima na akili zake, eti anamfundisha punda kugusa kandambili! Nilirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, nikamkuta mume wangu Makoye amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkononi ana kifuniko cha bati cha kopo la jemu, na michembe yangu imejaa mapajani mwake. Mbula, punda wetu, akaigusa ile kandambili kwa pua. Makoye akabonyeza kifuniko katikati, kikalia ta! Halafu akampa kipande cha michembe.

"Baba Noela," nikasema, "viazi nimemenya mimi, nimeanika mimi, leo anakula mke mwenzangu?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Hasira yangu ikaishia hapo hapo. Makoye alisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha hapa Nyarugusu tangu binti yetu Noela, ambaye sasa ameolewa mbali, hajaota meno, bila hata kitambaa puani. Vumbi likamjaa mapafuni. Daktari alituambia wazi kwamba halitoki, na dawa alizotupa zilikuwa za kupunguza maumivu tu.

Mambo ya kifuniko aliyaona kwenye simu. Mwanamke mmoja wa Ulaya na farasi wake, farasi anaokota kofia, anasukuma ndoo, anapiga mpira. Akipatia, mama yule anabonyeza kidude kinalia, kisha anampa karoti.

"Farasi na punda si ukoo mmoja?" Makoye aliniuliza. "Ule mlio ndio unamwambia: hapo hapo, umepatia. Ukichelewa kidogo tu, umeshamfundisha kitu kingine."

Basi nyumba yangu ikawa shule. Leo ndoo, kesho kofia yake ya kazini, keshokutwa sufuria yangu ya ugali, nikagomba mpaka sauti ikakauka. Mbula alijifunza kusimama juu ya gunia, ametulia tuli, utadhani anapigwa picha ya kitambulisho. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo.

Niliona ni mchezo wa mgonjwa wa kupitisha siku. Kumbe mwenzangu alikuwa na lake. Sisi tunaishi kwa kuuza maji machimboni, na Mbula hakukubali kupakiwa madumu na mtu yeyote isipokuwa Makoye. Mimi alishanitandika teke la paja. Tangu Makoye aishiwe nguvu, nilikuwa nabeba maji kichwani, mnyama amebaki nyumbani ananenepa.

"Sasa zamu yako," akaniambia asubuhi moja. "Asimame kwenye gunia, umpakie, akufuate bila fimbo. Nikiona mmeelewana, moyo wangu utatulia."

"Utulie uende wapi?"

Alininyooshea kifuniko.

Nilielewa, jamani. Mtu hakabidhi punda wake hivi hivi. Anayekabidhi anafunga safari. Nilikipokea kile kifuniko, na siku za mwanzo nilikosea kweli, maana vidole vyangu ni vizito na Mbula naye ana kiburi. Lakini haikuchukua muda nikajua. Nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba, Mbula alisimama, nikampakia, akanifuata vizuri kabisa.

Mbele ya Makoye nikaendelea kukosea. Makusudi. Nilijiambia kwamba maadamu sijajua, hawezi kuniacha. Nilibonyeza kifuniko Mbula akiwa ameshashuka kwenye gunia, maskini ya Mungu naye akadhani anatakiwa kushuka, akawa anapanda na kushuka kama mcheza ngoma.

"Umechelewa tena, Mama Noela!" Makoye alikuwa anashika kichwa.

"Mimi mzito. Utanifundisha kesho."

Na kesho ikija nasema kesho. Wifi yangu Asteria, dada yake Makoye, alikuja kunisaidia kumuuguza. Kila asubuhi tulimbeba wawili kumtoa nje, baadaye nikawa nambeba mwenyewe, maana alibaki mifupa. Alilala ameketi, akijinyoosha pumzi inakata. Tulimwambia abaki ndani. Anakataa, anaonyesha mlango kwa kidevu, anataka somo.

Ikafika asubuhi sauti ikamwisha kabisa. Nikampeleka Mbula kwenye gunia kama kawaida. Makoye akainua kidole kimoja kunionyesha wakati wa kubonyeza. Midomo ilikuwa imekuwa myeusi, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu, na kile kidole kiko hewani kinanisubiri mimi. Nikajionea aibu. Mtu huyu hakuwa anaishi tena, alikuwa ananingoja, na mimi nilikuwa nimemshikilia kwenye maumivu kwa sababu naogopa kubaki peke yangu.

Mbula akapanda gunia. Nikabonyeza hapo hapo. Ta! Nikampa chakula, nikafunga dumu la kushoto, nikafunga la kulia, ametulia. Nikatangulia mpaka kwenye uzio wa minyaa na kurudi, ananifuata nyuma, fimbo sina. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta.

Makoye akashusha kidole. Nikapiga magoti, nikaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Ulikuwa unajua," akanong'ona.

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nilijua unajua." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Nilikuwa napenda tu kukutazama. Ila sasa nimechoka, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hakuwahi kuniita hivyo ila alipotaka kuniomba kitu kikubwa.

"Pumzika, Baba Noela," nikamwambia. "Tutaweza."

Alifariki siku iliyofuata, mchana, Asteria akiwa anampoza kwa kitambaa na mimi nimemkumbatia mgongoni.

Sasa Mbula na mimi tunapeleka maji machimboni kila siku. Watu wananisifu, wanasema Mama Noela una punda mwenye adabu, ulimfundishaje? Naitikia, nashukuru, napita. Lakini kila nikimpakia naye akatulia vile, natamani ningekosea tena, hata siku moja tu, nimsikie Makoye akinigombeza.