Ubao wa Boti ya Baba Mkwe

Mkwe habishiwi. Aliyesema hivyo hakuwahi kutengeneza boti pamoja na mkwe wake, akashinda naye kutwa nzima juani.

Wiki iliyopita mke wa seremala alikuwa katikati ya ziwa, anavuka kwenda kazini, injini ikaanza kuinama nyuma yake kama mlevi. Ubao unaoibeba, ule uliofungwa nyuma kwenye bodi ya alumini, ulikuwa umeoza ndani kwa ndani. Na mwanamke mwenyewe hajui kuogelea hata kwenye beseni! Alirudi kwa kupiga makasia huku analia, akaapa hapandi tena boti ile mpaka mumewe amwambie kwa mdomo wake kwamba imepona.

Kubadilisha ubao si kazi ya kumshinda seremala. Tatizo boti ni ya baba mkwe, na baba mkwe alikuwepo.

"Achana na futi ya kupimia," Mzee alisema, mikono nyuma. "Laza ubao wa zamani juu ya huo mpya, chora. Ndivyo nilivyofanya mimi."

Ubao wa zamani! Kitu kilitoka vipande vipande, kinanuka kama tambara lililosahauliwa ndooni. Pembe moja ya chini haikuwepo kabisa, imebaki unga mweusi. Sasa pembe isiyokuwepo inachorwaje, jamani? Seremala akaiweka futi chini.

"Sawa, baba."

Akachora, akakata. Ubao ulipoingia mahali pake, kwenye ile pembe likabaki pengo la kupitisha ngumi.

"Puti hiyo," Mzee akasema, tayari anaikoroga hiyo dawa laini ya kuzibia nyufa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Ukuta gani tena? Hapo ndipo injini inapokita uzito wake wote! Seremala alitamani kuutafuna msumeno. Akasema sawa, baba, akapaka puti.

Zikaja bolti. Yeye alikuwa na zake mpya za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa kwenye mfuko. Mzee akamwaga kopo la zile za zamani, nyekundu kwa kutu, akasema hizi zimeshaizoea kazi. Kila fundi anajua chuma cha kutu namna hiyo kikikaa na alumini majini, alumini huliwa ikatoboka. Zimeizoea kazi! Kazi ya kuzamisha watu, labda.

"Sawa, baba." Safari hii ilitokea puani.

Alasiri ubao ukapigwa rangi ya kijani, ukapendeza kweli. Mzee akaupiga kofi la furaha, akatoa simu. "Mwanangu? Boti tayari. Kesho unavuka. Huyu hapa mumeo akwambie mwenyewe."

Seremala akapokea simu.

"Nipande?" mkewe akauliza. Hakuuliza lingine.

Hasira zote alizomeza tangu asubuhi zikamtoka kwa mpigo, pamoja na hofu. "Usipande! Unanisikia? Usiguse hata kamba yake! Chini ni puti tupu, bolti zimekwisha, hiyo injini itaondoka na wewe mpaka chini ya ziwa!"

Akakata simu, akamgeukia baba mkwe kungoja laana yake.

Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo. Uso umemshuka.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Tangu uliposema nichore."

"Ebo! Na mimi nilikuita uje kufanya nini, kunishikia koti? Mimi ni mwashi, mwanangu. Mbao sizijui. Hata huo wa zamani niliubahatisha tu. Nikasema nianzishe maneno, fundi atanirekebisha. Fundi kimya! Kila nikiropoka unaniitikia, mpaka nikaamini najua." Akapangusa uso kwa kiganja chenye rangi, akajipaka kijani mpaka kwenye nyusi. "Ningemzika binti yangu kwa sababu ya adabu zako."

Seremala akaokota mfuko wa bolti zake mpya. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mzee akainuka, akaokota spana, akaibana kwenye nati ya kwanza. Rangi mbichi ikamganda vidoleni.

"Haya, sema. Nitoe zipi?"

"Zote, baba. Na ubao wenyewe."

Mzee akaanza kufungua.