Faili Moja, Wenyewe Wawili

Hakuwa na shahada. Hakuwa na meno ya mbele. Mwalimu wa kompyuta hakuwa naye, ila daftari lake la shule ya jioni. Na asubuhi hiyo mzee mkutubi hakuwa na printa inayomtii.

Posta ilikuwa ikifunga mifuko ya barua saa nne. Makao makuu ya maktaba yalitaka orodha ya wasomaji iliyochapwa, itumwe siku hiyo hiyo. Bila hiyo, chumba cha kusomea kingefungwa. Naye, kwa kupenda usafi, alikuwa ameanza kwanza kusasisha programu. Kazi ikakwama njiani: vifurushi vya programu vingine vipya, vingine nusu nusu, printa kimya kama maji mtungini.

"Shemeji, lazimisha tu," alisema mdogo wa mkewe, fundi simu, aliyekuja kuazima gazeti. "Kuna amri ya kuandika faili jipya juu ya la zamani."

"Ikiharibu?"

"Utapumzika nyumbani, ukalee kuku."

"Kuku wangu wana adabu kukushinda. Nyamaza nisome."

Akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Mashine haikuwa imeharibika, ilikuwa imegoma. Kifurushi kipya kilitaka kuweka faili la printa mahali palipokuwa na faili la kifurushi kingine, na msimamizi wa vifurushi, programu inayoviweka na kuviondoa, hakukubali mmoja amdhulumu mwenzake.

Akaiuliza mashine: faili hili ni la nani?

Jibu lilipotokea, masikio yalimwaka moto. Ni kile kifurushi alichokiweka mwenyewe miaka minne nyuma, kutoka kwenye diski iliyokuja na printa. Akapekua daftari, anamoandika kila analoifanyia mashine. Siku ile hakuandika kitu. Yeye anayewafokea watu wasiosaini wanapoazima vitabu!

"Kumbe mwizi ndiye askari!" shemeji akacheka hadi akashika meza.

"Cheka. Mimi nafanya kazi."

Akanakili mipangilio ya printa pembeni. Akakiondoa kifurushi cha zamani kwa amri yake halali, kisha akaiamuru mashine imalizie vilivyobaki nusu. Mistari ikateremka, ikatulia. Hakuna kosa. Printa ikakohoa, ikatema ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kusaini orodha, aliandika kosa lake daftarini, kwa tarehe.

Kisha akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kiganja, akatoka mbio za kizee. Saa nne kasoro dakika tano karani wa posta aliipiga muhuri, akaitupa ndani ya mfuko wa barua.