Habari za Ijumaa Hazifutwi

Kila Ijumaa asubuhi, kabla malori hayajaanza kupakia, kitalu kilitoa habari. Hazikuwa za kuandikwa. Mzee aliyekianzisha alikuwa mtu wa sauti, karatasi zilimpiga chenga. Zamani alisimama getini na kipaza sauti, wachuuzi wa miche wakimsikiliza wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Siku hizi habari zilirekodiwa kwenye simu na kutumwa kwa wanunuzi wote wa jumla kwa mkupuo mmoja: nini kimekomaa, nini kimechanua, nini kisubiriwe. Tangu mzee afariki, aliyezitoa ni binti yake. Wanunuzi walimwita Shangazi Nyasi, kwa sababu hajawahi kumaliza habari bila kuzitaja nyasi zake za mapambo.

Mzee aliacha kanuni moja: kilichosemwa kwenye habari kinatimizwa. Hakuna kurekodi mara mbili, hakuna kufuta. Wakati mmoja kaka mtu, angali kijana, alikishika kipaza sauti akatangaza bugenvilia nyekundu, kumbe zilizokuwepo ni nyeupe tupu. Mzee hakumwomba mtu radhi. Alimkabidhi mwanawe mkokoteni, akamwambia akazitafute nyekundu na asirudi na maneno. Kijana alizunguka vitalu vya watu mpaka viatu vikafungua midomo. Nyekundu zikapatikana.

Sasa huyo kijana ndiye bosi, na ana kitambi. Ijumaa hiyo alimkuta dada yake kwenye banda la kupakia, akigawa mashina ya nyasi. Ni kazi isiyo na upole. Unang'oa kichaka kizima, unakilaza ubavu, unakipiga koleo katikati mpaka kipasuke, halafu kila kipande unakipa mfuko wake. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani unaua.

"Leo kwenye habari," kaka alisema, "waambie nyasi basi."

"Nyasi basi nini?"

"Basi. Mwisho. Hatuuzi tena. Jumatatu trekta linakuja kusawazisha lile eneo lote. Najenga ghala la nyasi za plastiki."

Shangazi Nyasi alishusha koleo. Shina likapasuka kama gunia kuukuu.

"Rudia, kaka. Sikio hili lina udongo."

"Umenisikia."

Alimsikia. Na "eneo lote" maana yake ilikuwa pamoja na mashina mama, yale yasiyouzwa, ambayo miche yote ilitokana nayo. Aina zote: zambarau, milia, mkia wa paka. Ile milia ilianza na kichaka kimoja alichokiokota kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa, akakibeba kichwani kama mtoto wa watu aliyepotea. Mche wa kuuza ukifa, unagawa mwingine. Shina mama likifa, ukoo umekwisha.

"Ni kwa sababu ya yule mkandarasi?" aliuliza.

Mkandarasi wa hoteli alikuwa amerudisha lori zima la nyasi, akapiga kelele getini kwamba ameuziwa maiti. Nyasi zile zilikuwa zimegeuka kahawia, kama zinavyogeuka kila kiangazi. Zinalala. Unazikata chini, unasubiri, zinachipua.

"Usinifundishe," kaka alisema. "Najua hazijafa. Nimezaliwa humu humu kwenye samadi kama wewe. Ila nimechoka kueleza. Kila mwaka zikikauka, simu. Zimekufa! Hazijafa, kata. Zimekufa! Hazijafa, subiri. Ulimi umeniota sugu. Plastiki haina maelezo. Unatandika, unakwenda zako."

"Hata maiti haina maelezo, kaka."

Dereva wa lori, aliyekuwa akinywa chai juu ya kreti, alicheka mpaka ikampalia. Bosi alipomkazia macho, akajaribu kupatanisha. "Lakini, Shangazi, wahenga walisema, wapiganapo tembo..."

"Ishia hapo hapo. Methali hiyo ilitungwa na tembo."

"Utasema au niseme mwenyewe?" kaka aliuliza.

"Nitasema mimi. Habari ni kazi yangu."

Kaka aliondoka ameridhika. Alimjua dada yake kwa kelele, hakumjua kwa ukaidi. Na kweli, mpaka siku hiyo hakuwa na sababu ya kumjua hivyo. Kaka alipokalia kiti cha mzee, dada alisema sawa. Kibanda chake cha kuoteshea mbegu kilipogeuzwa ofisi, alisema sawa. Alipohamishwa na nyasi zake mpaka upande wa jua kali, alisema sawa, na nyasi zikalipenda lile jua, kwa hiyo hata kununa hakupata nafasi.

Alichukua simu, akaenda kusimama katikati ya mashina mama. Yalimfika mabegani, yamekauka, yanachakacha. Alijaribu maneno ya kaka mdomoni, polepole, bila kubonyeza kitu. Nyasi basi. Yalikuwa machungu kama dawa ya mtu mwingine. Kisha akabonyeza.

"Habari za Ijumaa kutoka kitaluni. Waridi ziko tayari. Bugenvilia zipo, na ni nyekundu kwelikweli. Miche ya ua isubiriwe kidogo, msinisumbue. Sasa nyasi. Wapo wanaosema nyasi zetu zimekufa. Mimi nasema zimelala. Mtu akilala humwiti mchimba kaburi. Wewe mkandarasi uliyerudisha lori, nakusalimu. Nyasi zako ninazo. Jumatatu asubuhi, kila mwenye nyasi kavu azilete, na asiye nazo aje mikono mitupu, nimwonyeshe kukata. Nyasi zitauzwa msimu ujao, na msimu utakaofuata, na mashina mama yatabaki pale pale yalipo. Nimesema mimi, binti wa mzee."

Akatuma.

Kwa kuwa hakuna aliyezisikiliza habari kabla hazijatoka, bosi alizisikia kutoka kwenye simu ya dereva, pamoja na wapakiaji wote. Alikuja mbio, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Futa!"

"Habari hazifutwi."

"Mwenye kitalu ni mimi!"

"Ni wewe, nani kabisha? Basi toa zako. Waambie habari za mzee siku hizi ni za uongo. Waambie na zile bugenvilia ulizunguka bure, ungebaki nyumbani umelala."

Kaka aliitupa buti chini, akatoa simu, akaileta mdomoni. Alivuta pumzi. Wapakiaji waliacha kupakia. Akaishusha simu, akaipandisha tena. Simu ikalia hapo hapo mkononi: mama yao, ambaye habari zilimfikia kila Ijumaa kama mnunuzi yeyote.

"Naam, mama... Siyo hivyo, mama... Mama, hebu nisi... Ndiyo, mama."

Akakata.

"Anasemaje?" Shangazi Nyasi aliuliza.

"Anauliza Jumatatu aje na mkasi wake au tunayo ya kutosha." Aliiokota buti. "Usichekelee. Trekta nimeshaliita. Litakuja, na litapita. Wewe na mama yako mtaniona."

"Mama yangu? Wako ulimnunulia wapi?"

Jumatatu trekta lilikuja kweli, jekundu, linanguruma getini. Lakini halikuweza kuingia mara moja, maana mbele yake palikuwa na gari la mkandarasi, na mbele ya mkandarasi vigari vya wachuuzi vilivyosheheni nyasi kavu kama vinakwenda kulisha ng'ombe. Mama alikwishafika, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkasi mapajani.

"Nimekuja kuuona huo usingizi," mkandarasi alisema, bado amekunja uso. "Nisipouona, mtanitambua."

"Utauona. Vua koti kwanza," Shangazi Nyasi alimjibu.

Dereva wa trekta alipopata upenyo, alimsogelea bosi. "Bosi, nianzie wapi?"

Shangazi Nyasi alikwenda kusimama mbele ya safu ya kwanza ya milia, mundu mkononi. Hakuomba. Kuomba alikwisha kuomba miaka yote, na kuomba kwenyewe kuliitwa "sawa".

"Mjibu, kaka," alisema. "Ila kwa sauti, kama habari. Wote wasikie."

Kaka aliwatazama wanunuzi, akamtazama mama, ambaye alikuwa akifungua na kufunga mkasi, kacha, kacha, bila kumtazama. Akatazama mwisho pale getini, mahali aliposimama siku ile na kipaza sauti. Jasho lilimtoka na jua lilikuwa halijakaza.

"Kule nyuma," alisema. "Kwenye magugu. Huku usiguse."

Trekta likageuka. Shangazi Nyasi hakusema ahsante. Hashukuriwi mtu kwa kutokukuvunjia nyumba. Alimpa kaka mundu.

"Shika. Watu ni wengi."

"Nilikwambia nimechoka kueleza."

"Basi wewe kata. Kueleza niachie mimi."

Akakata. Alikata vizuri, kwa sababu hakudanganya aliposema alizaliwa humo. Mkandarasi aliinama juu ya kisiki kimoja, akapanua majani makavu kwa vidole. Ndani kabisa, karibu na udongo, palikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Alivua koti.

Plastiki nayo ilikuja. Bosi si mtu wa kushindwa kila upande. Alijenga ghala lake kule nyuma penye magugu, akapanga mazulia yake yaliyoviringishwa, na wapo walioyanunua. Shangazi Nyasi hakumzuia. Alibeba tu vipande vya milia, akavipanda kulia na kushoto kwa mlango wa ghala, ili kila anayekwenda kununua plastiki apite katikati yake na aguswe mikono njiani.

Kaka alisimama akatazama, mikono kiunoni.

"Zikikua zitaziba mlango."

"Zikiziba utazikata," dada alisema, akishindilia udongo kwa kisigino. "Si unajua kukata?"