Turubai kwenye Msiba Usiotuhusu

Mke wangu Dorotea ana simu mbili, na zote hulia kwa pamoja. Anakodisha maturubai, viti, mikeka na masufuria hapa Mkuyuni, na kwa kuwa watu wa mji huu hawaachi kuoana wala kufa, nyumba yetu haijawahi kutulia. Nimekula chakula cha jioni nikiwa nimekalia rundo la mapambo ya harusi. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta bibi harusi nisiyemjua analia chumbani kwangu kwa sababu gauni limekataa kufunga, na Dorotea amepiga magoti nyuma yake, pini mdomoni, ananifukuza kwa macho. Mwingine angecheka akaenda kuwasimulia wenzake. Mimi niliona kero tu.

Nilipostaafu ukarani wa bandari nilijenga Magu, nyumba ya bati jekundu katikati ya mashamba ya mpunga, mahali ambapo jirani humwoni mpaka umtafute. Nikamwambia Dorotea auze vitu vyake twende tukapumzike. Alikataa mwaka mzima. Nami nikanuna mwaka mzima, na kununa nakujua. Mwishowe akachoka, akakubali. Binti mmoja wa hapahapa Mkuyuni, Queen, akasema atavinunua vyote, na wakapatana aje na lori siku ya Jumatatu. Tangu siku hiyo Dorotea alikuwa akikaa uani akipangusa maturubai ambayo tayari yalikuwa safi. Nilimwona, nikajifanya sijamwona.

Jumamosi, kabla ya hiyo Jumatatu, tulikuwa na kazi mbili: msiba Nyegezi asubuhi, na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Mkuyuni jioni. Dereva wetu Jonathan akaamka na malaria. Ikabidi nishike mwenyewe usukani wa kirikuu, kigari chetu cha mizigo, huku vijana wa kupakia wamekaa nyuma juu ya viti. Dorotea alibaki kumalizia mambo ya sendofu, akanielekeza: ukishapita stendi ya mabasi, ingia barabara ya vumbi ya kushoto, utaona watu wamekaa nje na moto unawaka, ndipo hapo. Ndivyo tunavyoelekezana misibani. Hakuna anayekutajia namba ya nyumba.

Basi nikaingia barabara ya vumbi, nikaona geti liko wazi, moto unawaka, wanawake wachache wamekaa chini. Nilidhani uchache wao ni kwa sababu bado mapema. Ningeweza kuuliza, najua. Lakini mtu aliyelelewa hawezi kusimama mbele ya watu wenye machozi akauliza kama hapa ndipo penyewe. Nao, wakiletewa turubai siku ya msiba, watamwulizaje mtu limetoka kwa nani? Wataonekana hawana shukrani. Kwa hiyo nikatoa pole, wakapokea pole, wanaume wakaja kushika nguzo, na muda si mrefu turubai likasimama, mikeka ikatandikwa, mjane akahamishwa kutoka juani. Nilijisikia vizuri. Nikajiambia kazi yenyewe kumbe ni nyepesi, hawa wanawake huikuza tu.

Simu ikaita. Dorotea alitaka kujua niko wapi, maana wenye msiba wanampigia, wageni wanaungua na jua. Nikamjibu kwa kiburi kidogo kwamba turubai limeshasimama.

Akauliza, "Limesimama wapi, Baba Sabina?"

Alifika kwa bodaboda. Nilijiandaa kugombezwa, na kwa kweli ningestahili. Hakunigombeza. Aliingia akapiga magoti mbele ya mjane, akampa pole, ndipo akaniita nyuma ya kirikuu. Kumbe waliotukodi walikuwa mbele kidogo, barabara inayofuata. Nikamwambia basi tung'oe haraka tuhamishe, watatuelewa.

"Utamng'olea mjane turubai juu ya kichwa chake?" akaniuliza. "Ukaanze wewe. Mimi siwezi."

Akatoa simu, akampigia Shamsha. Shamsha ana duka la maturubai mjini, na yeye na mke wangu wamenyang'anyana wateja tangu watoto wetu wako shule ya msingi. Wakikutana sokoni wanasalimiana kwa adabu ya kutisha. Nilimsikia Dorotea akimwambia tafadhali, neno ambalo mimi sijalisikia kwake mara nyingi. Shamsha hakuuliza mengi. Msiba ni msiba, akasema, na turubai lake likapelekwa kwa waliotukodi na gari lake mwenyewe. Vijana wakapeleka nusu ya viti vyetu kule. Dorotea akawapigia hao waliotukodi, akapokea maneno makali bila kujibu hata moja. Alipokata simu alijifunga khanga kiunoni akaenda jikoni, kwa sababu ameona wapishi hawatoshi. Yote hayo aliyafanya mimi nikiwa bado nimeshika ufunguo wa gari.

Nikaenda kukaa na wanaume. Saa zilikwenda, na watu hawakuongezeka. Karibu yangu alikaa jirani mmoja, Elias, aliyekuwa ametoka kuchimba kaburi na udongo bado uko miguuni. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamwuliza kwa sauti ya chini mbona tuko wachache hivi.

"Mzee Alexander hakuwahi kukanyaga msiba wa mtu, mzee wangu," akasema. "Wala harusi. Alijenga hapa alipostaafu, akafunga geti, akasema hataki usumbufu. Sisi tumekuja kwa ajili ya mama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu ilivyo. Lakini mimi niligeuka nikaitazama ile nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri, na bati lake jekundu.

Tulipobeba jeneza wanaume hatukutosha kupokezana, ikabidi nami niweke bega, na sikulitoa mpaka makaburini. Sikuwahi kumwona mtu yule akiwa hai. Sikumlaumu hata kidogo. Kila alichokitaka marehemu nilikuwa nakitaka mimi, na mke wangu alikuwa amebakiza siku mbili tu anipe.

Baada ya kufukia, mwendesha shughuli akaanza kuita watu waweke mashada. Akaita mjane. Akaita watoto. Akaita ndugu wa marehemu, wakatoka. Akaita majirani, Elias akatoka na wenzake. Kisha akaita marafiki wa marehemu.

Hakuna aliyetoka.

Yule bwana alikohoa, akatazama karatasi yake, akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba radhi. Shada lilikuwa mkononi mwake, lilinunuliwa na watoto. Binti wa marehemu aliinamisha kichwa. Naona aibu kusema nilivyolia, lakini nililia. Nikasogea mbele, nikalipokea lile shada. Nikahisi mtu ananigusa kiwiko. Ni Dorotea, ananuka moshi, unga bado uko kwenye mikono yake. Akashika upande wa pili, tukainama pamoja tukaliweka.

Watu walipoanza kutawanyika mjane alikuja kwangu. Jina lake Wilhelmina, mama mwembamba aliyekauka macho. Akanishika mkono, akaniuliza mimi na mumewe tulifahamiana wapi. Sikuweza kumdanganya pale, karibu na kaburi. Nikamwambia nilipotea njia.

Hakuuachia mkono wangu.

"Nilihisi hivyo," akasema. "Alikuwa dereva wa malori, baba. Alikuja hapa amechoka, akafunga geti apumzike. Baadaye alitaka kulifungua na hakujua aanzie wapi. Alikuwa akiniambia kwamba akifa hakuna atakayekuja, na alikuwa anaogopa kweli. Wabeja sana, asante."

Nikaitikia kwa kichwa. Mama yule akaenda kwa wanawe.

Simu za Dorotea zikaanza kulia, zote mbili. Watu wa sendofu walitaka viti. Alizungumza na mmoja, akamwambia mwingine asubiri, akaniambia tuwahi, tukang'oe turubai jioni watu wakishakula, yeye atatangulia na viti vilivyobaki. Alisema haya yote akitembea. Nilimshika mkono asimame.

"Mpigie Queen," nikamwambia. "Mwambie Jumatatu asije."

Alinitazama usoni. Mwanamke huyu amenizoea, anajua nikitania ninakuwaje.

"Na Magu?"

"Magu tutakwenda siku tukipata nafasi. Na Jonathan akipona, mimi nitabaki kwenye kirikuu. Nitakuwa nauliza njia."

Hapo ndipo Dorotea alipolia. Hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, si kwa mjane, si pale kaburini. Alikaa chini palepale kwenye udongo mwekundu akafunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti mpaka watu waliokuwa wanaondoka wakageuka. Mwanamke mmoja akarudi, akamshika bega, akamwambia ajikaze, rafiki yake amekwisha pumzika.